KUTENGENEZA NYUMBA KUUKUU NA KUIPANGISHA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Dar es Salaam)



Halmashauri yetu imenipa heshima ya kusema machache juu ya nyumba ya kupangisha. Nimekubali kwa kuwa humu ukumbini wamo wenye nyumba na wamo wapangaji, na baadhi yetu tu yote mawili kwa wakati mmoja: mtu amepanga chumba karibu na ofisi yake, na huku nyumba ya marehemu baba yake iliyoko Ilala wanakaa watu wengine. Basi sitasema kama wakili wa upande mmoja. Tena, ili maneno yasichanganyike, fedha atoayo mpangaji nitaiita pango, na fedha itozwayo na Serikali nitaiita kodi, ijapokuwa najua ya kuwa mjini zote mbili huitwa kodi.

Nyumba ninayoikusudia ni ile ya vyumba sita tuijuayo sote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, stoo na choo. Zile za zamani zilijengwa kwa boriti na udongo, zikapakwa chokaa na kuezekwa makuti, kisha zikapata bati. Kariakoo nyingi zimekwisha kubomolewa na kupisha maghorofa; lakini Ilala, Magomeni na Temeke zingali zipo, na ndizo mtumishi wa mshahara wa kadiri awezazo kuzirithi, au kuzinunua kwa taabu.

Neno langu kubwa ni hili: nyumba ya kupangisha hula kabla ya mwenyewe. Tuchukue mfano. Tuseme vyumba sita vyote vimepangishwa, kila kimoja kwa Shs. 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hupiga hesabu upesi: Shs. 360,000 mara 12, jumla Shs. 4,320,000, na moyo wake hufurahi. Lakini chumba hukaa kitupu mpangaji akihama, na mwingine huchelewa kulipa. Kwa hiyo yafaa mwaka uhesabiwe kuwa ni wa miezi 10, nayo ni Shs. 3,600,000. Katika hizo robo iwekwe kando kwa ajili ya nyumba yenyewe, yaani Shs. 900,000. Zabaki Shs. 2,700,000, ambazo kwa mwezi ni Shs. 225,000. Mtu aliyetumia Shs. 9,000,000 kuitengeneza nyumba hiyo atangoja miezi 40 ndipo fedha yake irudi, ikiwa hakukopa. Aliyekopa kwa dhamana ya mshahara atangoja zaidi, kwa sababu riba haingoji mpangaji ahamie.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, yatupasa kujua nyumba ni ya nani. Nyumba nyingi za watumishi ni za urithi. Ndugu mmoja kati ya watano, kwa kuwa ndiye mwenye mshahara, huezeka paa kwa fedha yake asiandikishe neno. Baada ya miaka miwili wenziwe wataka nyumba iuzwe na fedha igawanywe sawasawa. Msimamizi wa mirathi na ateuliwe na mahakama, kisha ndugu wote watie sahihi ya kwamba gharama za matengenezo zitarudishwa kutoka katika pango kabla ya mgawo. Wazee wengine huona maandishi hayo ni dalili ya kutoaminiana. Lakini sisi makarani hutia sahihi kwa kupokea kalamu kumi na mbili. Itakuwaje paa zima lisiandikwe?

Sasa matengenezo. Desturi niliyoiona mara nyingi ni kuanza na rangi, kwa sababu rangi yaonekana na majirani. Masika yakifika, rangi yote imebabuka. Ianze paa. Bati huuzwa kwa geji, na hesabu yake yaenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko 32. Wauzaji hawana haraka ya kumweleza mnunuzi jambo hilo. Msumari wa bati wenye kofia na mpira hupigwa juu ya mgongo wa mkunjo, wala si bondeni maji yapitamo. Fundi akipiga bondeni, mwondoe kwa adabu siku ile ile. Kabla ya bati kuwekwa, mbao za kenchi zipakwe dawa ya mchwa, maana mchwa hula polepole na mwenye nyumba hugundua siku paa limekwisha kupinda. Kazi hii yafaa ifanywe kati ya Juni na Septemba, baada ya masika na kabla ya mvua za vuli za Oktoba.

Baada ya paa, tazama miguu ya kuta. Mji wetu ni wa pwani, na unyevu wenye chumvi hupanda kutoka ardhini. Ndiyo ile alama nyeupe ionekanayo sehemu ya chini ya ukuta, ambayo watu huipaka rangi kila mwaka nayo hurudi kila mwaka. Ukuta wa udongo na chokaa ukipigwa lipu ngumu ya saruji, unyevu uliomo hukosa njia ya kutokea. Lipu husimama kama ganda, kisha huanguka vipande vipande pamoja na udongo ulioishika. Ukuta wa namna hiyo na upigwe lipu ya chokaa. Au, ikiwa umechoka kabisa, ubomolewe na kujengwa kwa matofali ya saruji, na juu ya msingi litandikwe tabaka la kuzuia maji. Mchanga usiwe wa ufukoni, kwa kuwa una chumvi yake. Na tofali lililofyatuliwa leo halifai kujengewa kesho: linyweshwe maji kwa siku saba, hata jua likilikausha juu juu. Tofali lisilonyweshwa laweza kuvunjika mkononi mwa mtoto, nami nimeyaona yakivunjika hivyo garini kabla ya kushushwa.

Juu ya choo na nyaya za umeme sitasema mengi. Choo kilichojaa kitawahamisha wapangaji wema kwanza na kukuachia wasiojali. Na umeme upewe mkandarasi mwenye leseni, wala si hao tuwaitao vishoka, kwa kuwa moto hauulizi chumba cha nani. Lakini yuko mnunuzi avutwaye na bei ndogo ya nyumba za bondeni karibu na Mto Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu katika mji huu, na baadhi ya wakazi wa bonde hilo wakahamishiwa Mabwepande. Nyumba iliyosimama katika njia ya maji haina matengenezo.

Tena mtumishi ana udhaifu mmoja ambao mfanya biashara hana: mchana kutwa yumo ofisini. Fundi huachwa peke yake na vifaa. Dawa niijuayo ni ya kikarani tu: nunua vifaa mwenyewe, lipa ujira kwa sehemu kadiri kazi inavyoendelea, na kila jioni uhesabu mifuko mitupu ya saruji ukailinganishe na kazi iliyoonekana. Najua mifuko mitupu nayo huweza kuazimwa kwa jirani. Kwa hiyo itie alama ya wino.

Nimefika sasa penye jambo lenye uchungu. Karani kijana aliyepangiwa kazi katika mji huu, apokeaye mshahara wake mwisho wa mwezi, huambiwa alete pango la miezi sita, pengine la mwaka mzima, na juu yake pango la mwezi mmoja kwa dalali aliyemwonyesha mlango. Atazipata wapi? Hukopa, na kwa kuwa utaratibu wa utumishi wataka theluthi moja ya mshahara ibaki kwa mtumishi mwenyewe, hukopa hadi kikomo hicho na kuishi kwa theluthi. Hapo zamani sheria ilimtazama kidogo: palikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, nayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mapatano ndiyo ngao yake.

Mwenye nyumba husema kwamba fedha ya mwaka mzima ndiyo salama. Nasema yamdhuru yeye pia. Fedha hiyo huja kwa mkupuo, naye huiona kama bahati: ada za shule, makochi, mchango wa arusi. Ifikapo Aprili paa lavuja juu ya kitanda cha mpangaji, na hakuna hata senti ya bati moja. Nimesikia kwa masikio yangu mwenye nyumba akimwambia mtu aliyebakiwa na miezi tisa aliyokwisha kuilipia, "Kama hupendi, hama." Ahame kwa fedha gani, ikiwa yake imekwisha kuliwa?

Shauri langu ni kwamba wanachama wenye nyumba wapokee pango kwa miezi mitatu mitatu, pamoja na amana ya mwezi mmoja itakayorudishwa mpangaji akihama bila deni wala uharibifu. Na kila pango lipokelewapo, robo yake ipelekwe siku ile ile katika akiba ya benki yenye jina la nyumba. Wako watakaosema mpangaji wa miezi mitatu hutoroka. Mtumishi wa Serikali atatorokea wapi? Ofisi yake yajulikana, barua yake ya kazi yaonekana, na mkataba wake waweza kushuhudiwa katika ofisi ya Serikali ya Mtaa. Ni heri kumvumilia mtu huyo wiki mbili, mshahara ukichelewa, kuliko chumba kukaa kitupu miezi miwili kwa kumngoja mwenye fedha ya mwaka.

Tena kuna kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hii hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU: ilianza kwa Shs. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa, na mwaka 2023 ikawa Shs. 1,500. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini anunuaye umeme ni mpangaji. Kwa mwaka ni Shs. 18,000, si fedha ya kumwangusha mtu. Lakini ni yake, na mwenye nyumba mwungwana huipunguza katika pango bila kuombwa. Na pale mita moja itumikiwapo na vyumba sita, mmoja wao mwenye friji na mwingine mwenye taa moja, kila chumba na kiwekewe mita yake ndogo. Ugomvi wa umeme umevunja nyumba nyingi kuliko mchwa.

Mkataba na uandikwe nakala mbili, nao utaje hali ya chumba siku ya kukabidhiana: vioo vingapi, vitasa vingapi, ukuta una ufa au hauna. Kisha liwepo daftari la nyumba lenye safu tano: tarehe, pango lililopokelewa, robo iliyowekwa akiba, matengenezo yaliyofanywa, na salio. Mfano wa daftari hilo nimeuweka mezani kwa Katibu. Anayependa kunakili safu zake aje na kalamu na rula.