MOSHI WA MOTOKAA NI SHAURI LETU PIA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wanaokaa Gatwekera na vijiji jirani)



Tumeombwa tuseme juu ya sheria za moshi wa motokaa. Huenda wengine wakauliza: sisi watu wa reli, tena wakaaji wa Gatwekera, yatuhusu nini? Walio wengi kati yetu hawana motokaa wala hawatazamii kuwa nayo karibuni. Asubuhi twafuata reli kwa miguu mpaka kazini, na siku ya mvua twapanda matatu ya namba 8 ikiwa mfuko waruhusu. Lakini sheria inayogusa gari hugusa mafuta, na inayogusa mafuta hugusa nauli, bei ya unga, na jiko la nyumbani. Mwishoni tutaonyesha kwamba sheria moja ya namna hii ilipita juu ya wenye magari bila kuwagusa sana, ikaangukia hapa kwetu.

Kwanza tueleze kazi iliyokwisha kufanyika, maana si haki kulalamika tu.

Zamani petroli ilitiwa risasi, ile madini, ili injini isigonge. Risasi haiungui ikaisha. Hutoka na moshi, hutua katika vumbi la barabara, na mtoto achezaye hapo huila kwa vidole vyake. Huharibu akili ya mtoto kabla hajaanza shule. Mwaka 2001 serikali za Afrika kusini ya Sahara zilikutana Dakar zikaahidi kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ikawa imeachwa. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Aljeria, mwaka 2021, na habari hiyo ilitangazwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake ni hapa hapa Nairobi, kule Gigiri. Watu walikuwa wametishwa kwamba bila risasi injini za zamani zitakufa. Magari yaliendelea kwenda.

Baada ya risasi ikaja zamu ya salfa iliyomo katika dizeli. Hili lataka hesabu kidogo, nayo si ngumu. Iliwahi kuruhusiwa katika nchi yetu dizeli ambayo ndani ya tani moja kulikuwa na salfa mpaka kilo 10. Baadaye ikaja ya nusu kilo. Tangu tarehe 1 Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana salfa isizidi gramu 50 kwa tani, yaani kiasi cha kujaza vijiko vichache vya chai. Ulaya wamefika gramu 10 tangu mwaka 2009.

Kwa nini kusumbuka hivyo? Mafundi wa dizeli waliomo humu wanajua. Salfa ikiungua hufanya tindikali, hula injini, na huongeza masizi. Tena huziba kile kichujio cha masizi kilichowekwa katika ekzosi ya magari mapya, na huua lile kopo la kusafishia moshi ambalo watu wa gereji huliita katalitiki. Kwa hiyo haifai kudai gari safi kabla ya kuleta mafuta safi. Gari lililotengenezwa kwa mafuta ya Japani, ukilinywesha dizeli chafu, kichujio hujaa, taa ya hatari huwaka mbele ya dereva, na mwenyewe humwambia fundi, "Kikate hicho, kitupe." Hapo gari la fedha nyingi hutoa moshi kama la babu yake.

Wako mafundi wazee wanaosema kwamba dizeli ya siku hizi ni kavu, haina ule ulaini. Hawasemi uongo. Kuondoa salfa kiwandani huondoa pia sehemu ya ulaini unaolinda pampu, na kwa sababu hiyo kiwanda hutia dawa ya kuurudisha. Kwa dizeli iliyotoka kiwandani vizuri hakuna neno. Shida ni dizeli iliyochanganywa njiani, na jambo hilo tutalirudia.

Katika habari hii ya salfa wenzetu wafanyakazi wasisahauliwe. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1963, mitambo yake ilikuwa ya zamani, haikuweza kutoa mafuta safi kwa bei ya kushindana. Mwaka 2013 kiliacha kusafisha mafuta, na tangu hapo petroli na dizeli zetu zaja zikiwa tayari kutoka ng'ambo. Kila sheria ya usafi ina mtu inayempa pumzi na mtu inayemnyang'anya kazi, na chama cha wafanyakazi chapaswa kuwatazama wote wawili kabla sheria haijapita.

Sasa wanunuzi. Katika nchi yetu motokaa nyingi zinazoingia zimekwisha kutumika, hasa Japani. Shirika la Viwango limeweka kwamba gari lisiwe limepita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza kule lilikotoka, na likaguliwe huko kabla ya kupakiwa melini. Ndiyo maana kila Desemba hapakosi mbio za kufikisha magari Mombasa, kwani likitia nanga Januari limekwisha zeeka kisheria. Uganda walichagua njia nyingine: mwaka 2018 walikataza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Mwaka 2019 palikuwa na maneno hapa kwetu ya kushusha miaka 8 iwe 5. Wafanyabiashara wa magari wakapiga kelele, na wanunuzi nao wakaungana nao, na miaka 8 ikabaki.

Sisi twaona kelele zile zilikuwa na haki nusu. Ni kweli gari la miaka 5 ni ghali kuliko la miaka 8, maana ushuru huhesabiwa kwa bei ya gari likiwa jipya, kisha hupunguzwa kadiri ya umri. Mwalimu, nesi, au mwenzetu aliyejiwekea akiba katika sako miaka 10, ndiye anayefungiwa mlango, wala si tajiri. Lakini ni kweli pia kwamba umri peke yake haupimi moshi. Gari la miaka 7 lililotunzwa laweza kuwa safi kuliko la miaka 4 lililokatwa katalitiki. Katika mwaka 2020 lile shirika la Gigiri lilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Waholanzi walipoyakagua yaliyokuwa yakienda Afrika kutoka bandari zao waliona mengi hayana hata cheti halali cha ukaguzi, na mengine yamenyofolewa katalitiki. Ndani ya kopo lile mna madini ya thamani, kama platinamu, nayo hupata mnunuzi upesi kuliko gari lenyewe.

Mwenzetu mmoja wa kazini, hatutamtaja, alinunua gari dogo kwa mkopo ili mkewe abebe mboga kutoka soko la Kawangware. Baada ya miezi alipolitia juu ya shimo, fundi akamwonyesha bomba tupu lililochomelewa mahali pa katalitiki. Muuzaji alisema halikuwa shauri lake. Hakuna karatasi hata moja aliyopewa iliyotaja kitu hicho. Ndugu zetu mnaotaka kununua, nendeni na fundi, mwingie chini ya gari, mtazame bomba kabla ya kutazama viti na rangi. Na msidhani udanganyifu ni wa vichochoroni tu: mwaka 2015 ilifichuka kwamba Volkswagen, kampuni kubwa ya Ujerumani, ilitia programu katika magari yake ya dizeli yapatayo milioni 11, ili yatoe moshi safi yakijua yanapimwa na yarudie uchafu yakiwa njiani.

Kodi nazo zaweza kuonea hata zikivaa kanzu ya usafi. Mwishoni mwa mwaka 2015 serikali iliacha kutoza ushuru wa bidhaa kwa asilimia, ikaweka kiasi kimoja: shilingi 200,000 kwa gari lililozidi miaka 3, na shilingi 150,000 kwa lisilozidi. Ilionekana kama njia ya kuwavuta watu kwenye magari mapya. Lakini tazameni: Vitz ya mwalimu ilitozwa 200,000, na gari kubwa la bwana mkubwa, la bei mara nyingi zaidi, likatozwa 200,000 hiyo hiyo, au 150,000 kama lilikuwa jipya. Mwaka 2016 wakarudia asilimia 20. Walirudi kwa sababu watu walisema.

Lakini hapa Gatwekera nani alisema juu ya mafuta ya taa?

Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kwa miaka mingi, kwa kuwa yalijulikana kuwa mafuta ya maskini. Yalikuwa ya stovu na koroboi. Walanguzi wakaona faida: nunua mafuta ya taa kwa bei ya chini, mimina katika dizeli, uza yote kwa bei ya dizeli. Mafuta ya taa hayana ulaini wa kulinda pampu, kwa hiyo malori yakaharibika, na moshi ukawa mbaya. Wakaguzi walikuwa tayari na njia ya kutia alama ndani ya mafuta ili uchanganyaji ujulikane, na vituo kadhaa vilikamatwa. Lakini mwaka 2018 Bunge lilipitisha ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ikaitwa ada ya kuzuia uchanganyaji. Bei ikapanda mpaka karibu sawa na dizeli, na ulanguzi ukapoteza faida yake.

Twakiri kwamba dawa hiyo ilifanya kazi kwa dizeli. Lakini nani aliyeinywa? Mwenye lori alipata dizeli safi bila kulipa ile 18. Mlanguzi alitafuta biashara nyingine. Mama wa hapa, anayepimiwa mafuta kidogo kidogo jioni kwa sababu hana fedha ya lita nzima, ndiye aliyelipa, naye hajawahi kumiliki hata gurudumu. Tukaambiwa tuhamie gesi, ambayo ni safi kweli. Basi mwaka 2021 gesi nayo ikawekewa VAT ya asilimia 16, ikashushwa kuwa 8 mwaka uliofuata, na ikaondolewa mwaka 2023. Kwa miaka ile miwili mama aliyefukuzwa kwenye stovu alikuta kodi inamngoja kwenye mtungi. Wengi walirudi kwenye makaa, na chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 chenye makaa yanayowaka hakina haja ya motokaa ili kiue mtu kwa moshi. Hata mwaka 2024 shilingi 18 ile ilikuwa bado imo katika hesabu ya bei.

Wala tusinyoshe kidole kwa wengine tukajisahau. Sisi wenyewe ni watu wa dizeli. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikata shauri kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu, na katika ushahidi waliotazama ulikuwamo uchunguzi wa wafanyakazi wa reli wa Marekani, watu wa kazi kama yetu. Sheria ya miaka 8 haivihusu vichwa vya treni. Vingine vinavyovuta mizigo vina umri kuliko sisi tunaovitengeneza. Treni za abiria zilizoletwa mwaka 2020, zile 11 za kutoka Majorca huko Uhispania, nazo zilikuwa zimekwisha kutumika. Hatusemi ni mbaya: treni moja iliyojaa huondoa matatu nyingi barabarani, na moshi kwa kila abiria huwa mdogo. Twasema tu kwamba kuna mabanda ya kazi ambamo injini huachwa ikinguruma muda mrefu juu ya vichwa vya watu walio shimoni, na barakoa wanayopewa ni ya vumbi la saruji.

Kwa hiyo twaleta mambo mawili mbele ya mkutano. Kwanza, wajumbe wetu wa usalama kazini wadai injini izimwe ikiwa haipimwi, na mabanda yatobolewe paa ili moshi upate pa kutokea. Hilo halingoji Bunge. Pili, chama kiwaandikie wabunge wetu juu ya zile shilingi 18, wala si kwa maneno matupu ya huruma. Katibu ameweka karatasi mezani. Kila nyumba iandike inapikia nini, inanunua mafuta kiasi gani kwa juma, na iliwahi kuacha gesi au la. Majina si lazima. Tafadhali zirudishwe kabla ya tarehe 14 ya mwezi ujao, kwa sababu siku hiyo ndipo bei mpya hutangazwa, nasi twataka barua iwe imekwisha kupigwa chapa.