Masjala ya Barafu



Mimi ni mtu wa majalada, na leo nasema juu ya jalada lisilofunguliwa na karani yeyote. Liko Colle Gnifetti, juu ya mlima Monte Rosa mpakani mwa Uswisi na Italia, kiasi cha mita 4,450 kutoka usawa wa bahari. Theluji huanguka pale pamoja na vumbi na moshi wa mwaka ule. Ya mwaka unaofuata huilalia, na ile ya chini hugandamizwa ikawa barafu.

Mwaka 2013 wataalamu walitoboa kwa keekee, wakatoa mche mwembamba wa barafu wenye urefu wa mita 72. Katika Chuo Kikuu cha Maine, Marekani, mche huo ulisomwa kwa mwali wa leza, tabaka baada ya tabaka, kutafuta madini ya risasi. Ikaonekana kwamba baina ya 1349 na 1353 risasi karibu ilitoweka. Ndiyo miaka ya tauni kuu ya Ulaya: wachimbaji walikufa, matanuri yakazimika.

Hapa ndipo penye uzito. Watu waliamini kuwa risasi iliyokuwamo hewani kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa ya asili, basi haina neno. Kumbe ilikuwa moshi wa binadamu! Na risasi, hata kidogo, hudhuru akili ya mtoto. Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 tuliivuta kando ya barabara tukisubiri basi. Petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006 tu.

Utafiti uliotolewa 2020 ulinichekesha. Risasi ya karne ya 12 katika barafu ile inalingana na hesabu za kodi za migodi ya Uingereza: mfalme akifa, kazi hulala mpaka mwingine ashike madaraka. Ndugu zangu, kukaimu hakukuanza kwetu.

Mtaniuliza habari za Kibo. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walitoa miche sita pale, wakakuta humo vumbi la ukame wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Lakini kutoka 1912 hadi mwaka ule, eneo la barafu lilikuwa limepungua kwa asilimia 80 hivi. Barafu ikiyeyuka, maji hushuka na maandishi yake. Miche ile ilipelekwa Chuo Kikuu cha Ohio State, kwenye ghala la baridi kali. Anayetaka kulisoma jalada la Kibo, aanzie huko.