TUYAJUE MAJI YETU YATOKAKO
Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa ushirika



Ushirika umeombwa ulipe gari ya kuwapeleka watoto wa skuli na kamati ya maji ziara ya siku moja. Tumesikia wenzetu wakisema: "Pesa za ushirika si za kutembelea." Neno hilo linataka jawabu.

Unguja hatuna mto mkubwa wala ziwa. Maji yetu ni mvua ya masika na ya vuli iliyozama chini. Huku kwetu kwenye maweni jiwe lina matundu, mvua inapita upesi, na uchafu nao unapita upesi. Tena chini ya maji matamu kuna maji ya bahari. Matamu ni mepesi, yanaelea juu. Ukiyavuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi inapanda kisimani.

Hayo ndiyo watakayokwenda kusomeshwa, kwa macho yao:

1. Chemchem za upande wa Bububu. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alileta maji ya bomba Mji Mkongwe kutoka chemchem za kaskazini ya mji. Hata leo mji unakunywa maji ya chini ya ardhi. Waangalie nyumba zilivyosogea kwenye vianzio vya maji, waulize: vyoo vyake vinamwaga wapi?

2. Jozani. Msitu uko bondeni, maji hayako mbali chini, na masika miti husimama majini. Hapo yupo kima punju, ambaye duniani hapatikani ila Zanzibar. Tangu 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa.

3. Pete. Watapita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko. Waone mizizi ya mkoko ilivyojikita matopeni, na ya mchu ilivyochomoza juu ipate kuvuta pumzi. Humo ndimo kaa na samaki wadogo wanamojificha. Mizizi hiyo hiyo inazuia bahari isile ardhi. Akataye boriti ovyo anakata kitoweo chake.

Ndugu zetu, wageni wanatoka ng'ambo na kulipa ili wapaone hapo. Wapo watoto wetu ambao hawajapaona.

Na hii si tafrija. Kipindupindu kiliingia tena Zanzibar mwaka 1978, na kimesharudi mara nyingi. Choo kimoja kibaya karibu na kisima kinatosha kuuliza mtaa mzima.

Kwa hiyo tunaweka sharti. Wakirudi wasikae. Watembee kijiji kizima na kamati, wachore ramani: kila kisima, kila choo, kila jaa. Ramani ibandikwe hapa ubaoni, kwa herufi kubwa, na sisi wa kisomo cha watu wazima tuisome wenyewe. Halafu mkutano uamue choo gani kihamishwe, na wapi pasichimbwe kisima kipya. Hapo kila mtu ataona pesa yake imefanya kazi gani.

Mwenye la kusema aje mkutanoni aseme, asiseme barazani. Kisha tutanyoosha mikono.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tuyalinde yangalipo.

Maji ni uhai! Ushirika udumu!