Gazeti Dogo Lenye Mwenyewe: Karatasi za Siasa Kariakoo, 1937–1958



Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1781, kijitabu kilisambazwa kwa siri katika miji ya Uholanzi, kikiwataka wananchi wasimame dhidi ya mtawala wao. Mwandishi wake, Joan Derk van der Capellen, hakukitia jina. Ndivyo vilivyokuwa vingi vya vijitabu vya siasa vya nchi ile: vilisema makali, mwenyewe akajificha.

Dar es Salaam ilishika njia nyingine.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na Mambo Leo tangu 1923, gazeti zuri kwa mashairi na habari za mikoani, lakini la serikali. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka mjini hapa aliyezaliwa Uganda, akaanzisha Kwetu. Hapo Mwafrika aliandika kwa jina lake kuhusu mishahara, biashara na dharau aliyofanyiwa. Asiyejua kusoma alisomewa barazani, kwa hiyo nakala moja ilikuwa na wasikilizaji wengi kuliko wanunuzi wake. Hili wahesabuji wa nakala hulisahau.

Miaka 20 baadaye, kutoka ofisi ya chama cha TANU, Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, ikatoka Sauti ya TANU. Haikuwa gazeti la kuvutia macho. Ilikuwa karatasi za kurudufu, na Julius Nyerere mwenyewe ndiye aliyeiandika. Toleo la Mei 1958 liliwashutumu maofisa wawili wa wilaya kwa jinsi walivyowatendea wananchi, naye akashtakiwa kwa kashfa. Wakili D. N. Pritt alitoka Uingereza kumtetea. Kesi ilisikilizwa mjini hapa wakati chama kikijiandaa kwa uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na wengi walitazamia kiongozi wao afungwe. Nyerere hakumsukumia karani wala mpiga chapa lawama; alikiri kwamba maneno ni yake. Hukumu ikawa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa faini. Mwaka huohuo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi.

Naona hapo ndipo ulipokuwa uzito wa karatasi zile. Hotuba ya Mnazi Mmoja ingeweza kubishaniwa kesho yake, nani alisema nini; karatasi ilibaki, na mahakama ikaishika. Aliyeandika alijua hivyo kabla hajaandika. Msomaji naye alijua, ndiyo maana aliamini.

Karatasi hizi zilichapwa kwa wino hafifu na zinaoza. Nyumba za zamani za Kariakoo zinabomolewa kupisha maghorofa, na masanduku ya wazee yanatupwa pamoja na kifusi. Ndugu zangu, kabla ya kuhama, fungueni masanduku hayo. Mkikuta magazeti ya Kwetu, Zuhra, Mwafrika au Sauti ya TANU, hata ukurasa mmoja uliochanika, upelekeni Nyaraka za Taifa au maktaba ya Chuo Kikuu.