Mtoto Huyu Naye Ana Idd

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wa Thika na Ruiru, mwezi wa Ramadhan)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Leo sitazungumza juu ya hukumu za saumu, hayo mmeshayasikia. Nataka tuzungumze juu ya bembea.

Najua kuna wanaocheka. Lakini hebu kumbuka Idd iliyopita. Sisi vijana tulichanga pesa, tukakodi bembea na lile jumba la hewa la kurukia, watoto wakafurahi, picha tukapiga. Kando ya uwanja alikuwapo mama mmoja na mwanawe wa miaka kama minane, yuko kwenye kiti cha magurudumu, kanzu mpya, kofia mpya. Nikamwambia, "Mama, mlete acheze." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, sisi tumekuja kutazama tu."

Ndipo nikatazama vizuri. Langoni tulikuwa tumelaza bomba la chuma kuzuia pikipiki. Ukivuka bomba, kokoto. Ukivuka kokoto, bembea isiyo na mgongo wala mkanda. Hakuna aliyemkataza yule mtoto kucheza. Lakini tulimfungia mlango mara tatu kabla hajafika, na aliyefunga si kaunti wala serikali. Ni sisi, kwa mikono yetu.

Hapa Thika kuna Shule ya Vipofu iliyoanzishwa mwaka 1946, na kuna Joytown ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Zote mbili zilianzishwa na Jeshi la Wokovu, Wakristo. (Nalitaja hilo ili tuone haya kidogo.) Lakini shule ina likizo. Likizo ikifika mtoto anarudi nyumbani, na nyumbani huenda ni ghorofa ya tatu ya ploti kule Ruiru, ngazi tupu, na pale palipokuwa uwanja pamejengwa ploti nyingine. Mama afanyeje? Anamwacha na televisheni. Halafu sisi tunasema ati wazazi wanaficha watoto! Wapo wanaoficha kwa aibu, na hilo ni kosa. Lakini hata asiyeficha, atampeleka wapi?

Sheria ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja wazi kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kucheza sawa na wengine. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kufika kila mahali. Na sisi kabla ya sheria hizo tulikuwa na Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), kipofu, ambaye kwa ajili yake iliteremka Surat Abasa. Mtume (S.A.W.) alimfanya muadhini, na zaidi ya mara moja alimwachia Madina aiangalie. Hakuwekwa kando ya uwanja.

Sasa njoo kwenye kazi. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa gurudumu linazama, na kokoto ni mbaya zaidi. Tandika plaiwudi juu ya nyasi, upana wa mita moja na zaidi, kiti kitapita. Palipo na kidato, weka mwinamo: kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu, kwa hiyo kidato cha sentimita 15 kinataka karibu mita 2. Ukifupisha, mtoto atarudi kinyumenyume. Bembea iwe na mgongo na mkanda. Fundi wa jua kali anaichomelea. Meza ya mchanga iinuliwe, magoti yaingie chini yake. Asiyeona mfungie kengele na vitu vya kupapasa. Mwenye usonji makelele ya spika yanamuumiza, basi tenga kona tulivu yenye kivuli.

Ila usije ukawatengea uwanja wao peke yao. Kule San Antonio, Marekani, bwana mmoja aitwaye Gordon Hartman alimwona binti yake Morgan akitaka kucheza na watoto wengine bwawani, nao wakaondoka. Mwaka 2010 akafungua bustani ya michezo, Morgan's Wonderland, ambako wote wanacheza pamoja na mwenye ulemavu halipi kiingilio. Sisi hatuna pesa za kujenga bustani kama ile. Lakini kilichomuumiza Morgan si kukosa bwawa, bwawa lilikuwapo. Alikosa wenzake. Kwa hiyo, mzazi, mweleze mwanao kabla ya Idd kwamba yule wa kwenye kiti ni wa kuchezwa naye, si wa kukodolewa macho.

Yule mama nimemwendea nyumbani wiki hii. Hakuniuliza mambo mengi. Aliuliza kama bembea itakuwa na mkanda. Nikamwambia fundi ameshaanza. Akasema, "Basi tutakuja mapema."

Bomba la langoni nitaliondoa mwenyewe. Plaiwudi zinazohitajika ni nane, mpaka sasa tunazo tatu. Mwenye nazo, hata za kuazima, tuonane baada ya tarawehe.

Wabillahi tawfiq.