Kusoma Nyumbani Ukiwa na Saumu
(Mazungumzo na vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu, dada zangu na wazazi wetu wapenzi, mnakumbuka Ramadhan ya 2020. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, kafyu ilianza saa moja usiku, na tarawehe tuliswali majumbani. Tarehe 6 Mei Eastleigh nayo ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Masomo yakahamia kwenye redio na simu, na simu yenyewe ni moja, ya baba. Wengi walirudi darasani Januari 2021.

Korona ilipita, lakini kila likizo, na kwa kila anayefanya kazi yake nyumbani, shida ni ileile. Watu huilaumu saumu. Mimi nasema tuangalie nafasi na saa.

Nyumba za Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni zilijengwa enzi za mkoloni kwa wafanyikazi wa mji. Aliyezichora hakufikiria meza ya kusomea! Kitanda, jiko na televisheni viko pamoja. Nafasi hatuwezi kuiongeza, basi tupange saa.

Hapa karibu na ikweta funga yetu ni kama saa 13 na nusu, mwaka wowote. Wakati mzuri ni baada ya Alfajiri mpaka kama saa nne asubuhi. Daku bado liko tumboni na jirani hajafungulia redio. Hapo weka hesabu, weka fizikia, weka ile kazi inayotaka kichwa. Usirudi kitandani eti utasoma saa nane mchana. Saa nane utakuwa unatazama ukuta tu. Adhuhuri lala kidogo, dakika 20 zatosha.

Daku la chai na mkate mweupe halifiki mbali. Kula maharagwe, uji wa wimbi, yai likipatikana, na maji. Na wewe unayeumwa kichwa siku za mwanzo, mara nyingi ni ile chai ya vikombe vinne uliyoizoea. Ipunguze tangu Shaabani.

Sasa wazazi, hapa tuelewane. Binti anaamka saa kumi kupika daku, anaosha vyombo, anabebeshwa mtoto. Saa tisa anaanza sambusa na viazi karai. Kaka yake amelala mpaka Adhuhuri. Halafu matokeo yakitoka tunauliza mbona binti ameanguka. Alisoma saa ngapi? Kijana ana mikono, aoshe vyombo, akate vitunguu, ateke maji mferejini. Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake, na swala ikifika anatoka. Hadithi hiyo imo katika Bukhari.

Basi leo baada ya futari, kila nyumba ikubaliane nani ataosha vyombo vya daku kesho.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.