Mkimbizi ni Mkimbizi, Awe wa Mogadishu au wa Juba



Vijana wa Mukurweini, ndugu zangu na dada zangu, leo tuanzie nyumbani. Ukirudi jioni, muulize shosho au mzee yeyote anayekumbuka: mwaka 1954 kulikuwaje? Tarehe 24 Aprili Waingereza waliifunga Nairobi kwa Operesheni Anvil. Hawakuuliza umefanya nini. Waliuliza wewe ni kabila gani. Mkikuyu, Mmeru, Mwembu, kaa chini, toa kipande! Mtu aliyevikwa gunia kichwani akikutambua kwa ishara tu, safari ya Manyani imeanza. Na huku Nyeri watu wakaswagwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro.

Sasa songa mbele miaka 60. Aprili 2014, Nairobi hiyo hiyo, Operesheni Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Walikuwemo wakimbizi waliosajiliwa, na Wakenya wenzetu pia. Kosa? Sura na jina.

Haikuishia hapo. Mwaka 2016 serikali iliwaondolea Wasomali utaratibu wa kutambuliwa kwa pamoja kama wakimbizi. Ikatangaza kufunga kambi za Dadaab na Kakuma. Siku chache baadaye Kakuma, wanakoishi wengi wa Sudan Kusini, ikaachwa. Dadaab ya Wasomali ikabaki palepale kwenye orodha. Februari 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akasema hapana: kuwalenga Wasomali ni ubaguzi, ni kinyume cha Katiba.

Kuna atakayekuuliza, "Na Westgate je? Na Garissa, watu 148?" Usimkasirikie. Damu ile ni ya watoto wetu, na aliyeua lazima ashtakiwe. Lakini ashtakiwe yeye. Mama aliyewakimbia al-Shabaab na mtoto mgongoni, anaadhibiwa kwa lipi?

Na si Kenya tu. Mwaka 2022 Ulaya iliwafungulia Waukraine milango, na ilifanya vyema. Lakini wanafunzi Waafrika waliokimbia vita hivyo hivyo walizuiwa mipakani, hadi Umoja wa Afrika ukalalamika.

Sasa tujiulize na sisi, maanake ubaguzi haujui kwa jirani tu. Tunachangia Gaza, tunachangia Somalia, alhamdulillah. Je, Mkongo au kijana wa Juba asiyeswali akibisha hodi, tunampokea vile vile? Kumbukeni Najashi wa Habasha. Alikuwa Mkristo. Maquraishi walimletea zawadi ili awarudishe Waislamu waliokimbilia kwake. Akakataa kuamua kabla ya kuwasikiliza. Alipowasikiliza, akawahifadhi. Deni hilo tunalo mpaka leo.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "hawa watu wote ni magaidi" ukikufikia, uzime kwako, usiusambaze. Mtu akisimamishwa stejini au dukani kwa sababu ya sura yake, usipite tu. Simama karibu, uwe shahidi. Na someni Kifungu cha 27 cha Katiba: usawa mbele ya sheria ni wa kila mtu, haikuandikwa kila Mkenya.

Guka zetu waliulizwa kabila kabla ya kuulizwa kosa. Sisi tusilirudie swali hilo kwa mgeni.

Wassalamu alaykum.